Kamba ya Sajenti

Nakumbuka siku ile ya upepo wa Julai, mwanangu wa kidato cha kwanza. Usicheke. Mimi niko kidato cha tatu na ndevu zimeanza kuchungulia, kwa hiyo ni mzee wako. Niamkie kwanza, ndipo usome.

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Malangali: mbwa atakayekutwa anazurura atauawa. Baba akaingiwa na hofu, maana anampenda sana mbwa wetu, Sajenti. Akamfunga kwa waya kwenye nguzo nyuma ya nyumba, akavaa koti lake zito, akaenda Laela kununua mahindi. Haraka haraka, baraka zake unazijua.

Jioni tulimkuta Sajenti kajizungusha nguzo mpaka waya umemkaba. Ulimi nje, habweki, na bakuli la maji liko pale asipofika. Bibi, mama yake Baba, akapiga magoti, akaulegeza waya, akamfunika Sajenti kwa kitenge chake. Tukangoja. Mara mkia ukatikisika. Lo, mwanangu, nusura nimbusu mbwa!

Baba naye akaingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Vua koti, ukae hapo kwenye nguzo.”

“Mama, na baridi hii?”

“Kaa.”

Mtu mzima mwenye mvi akakaa. Akajitetea, meno yakigongana: “Nilitaka tu wasimuue.”

“Ndiyo ukaona uwawahi? Hata wewe nilikufunga, lakini mgongoni kwangu, kwenye joto.”

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba, mamaye bado yuko zamu.

Kesho yake bwana mifugo alikuja kumchanja Sajenti. “Kumfunga si kosa,” akasema. “Kumtesa ndiko sheria inakokataza. Kamba iwe ndefu, awe na maji na kibanda, na umfungue, utembee naye.” Baba akaifunga kamba kwenye pete ya chuma, pete akaipitisha kwenye waya wa kuanikia nguo. Sasa Sajenti anakimbia mwanzo hadi mwisho, mara nyingine na kaptula yangu ya shule mdomoni. Akimbie tu.

Basi, mwanangu, kabla hujamfunga mbwa, kaa kwanza pale utakapomfunga. Ukitetemeka, naye atatetemeka. Usipoyafikia maji, naye hatayafikia.

Mungu akujalie kamba ndefu, na bibi wa kukufungua siku utakapojikaba.