Kadi Iliyotangulia Matokeo

Mchapaji wa mtaani kwetu alikuwa na sharti moja: hachapi kadi ya mahafali kabla hajayaona matokeo kwa macho yake. Wateja walimbandika jina la Lete Matokeo, naye hakununa. Kwa miaka kumi na tisa aliwarudisha watu mlangoni, shemeji yake akiwamo.

Sharti hilo alilivunja mara moja tu, kwa binti yake.

"Mwanao wa kumzaa umdai karatasi?" mkewe alimwuliza. "Mitihani kamaliza. Unangoja nini, malaika ateremke?"

Akachapa kadi mia moja, herufi za dhahabu, kingo zimekatwa sawasawa. Na kwa kuwa ukoo mzima haukuwahi kuwa na mhitimu, moja akaituma kwa rais. Baada ya wiki tano likaja jibu lenye muhuri: pongezi kwa mhitimu. Mkewe akalitia kwenye fremu, akalitundika juu ya televisheni. Majirani waliingia bila kubisha hodi, wakalisoma kwa sauti.

Ijumaa ya wiki hiyo orodha ya wahitimu ikabandikwa chuoni. Binti hakuwamo. Somo moja lilimwangusha. Angelirudia mwaka ujao.

"Liache ukutani, baba," alimwomba. "Nani atajua? Nitarudia, nitafaulu, litakuwa kweli."

"Kwa sasa ni uongo, mama. Na nimeuchapa mimi."

"Kwa hiyo mimi niaibike ili wewe ulale vizuri?"

Asubuhi alilitoa jibu lile kwenye fremu, akaliambatanisha na barua ya mistari minne: binti yangu hajahitimu, kosa ni langu, narudisha pongezi. Akaipeleka posta kwa miguu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba kadi zake. Alirudishiwa sitini na mbili.

Wapo wanaomsifu kwa barua ile. Ilikuwa lazima iandikwe, sikatai. Lakini sharti alilowawekea watoto wa wenzake ndilo lingemkinga wa kwake, naye aliliweka kando kwa sababu ya furaha. Aliyenyooshewa vidole mtaani hakuwa yeye.

Binti alihamia kwa shangazi yake wiki hiyohiyo. Mwaka uliofuata alifaulu. Kadi zake zilichapwa katika duka la ng'ambo ya barabara. Shemeji alipata. Baba hakupata.