Mama Tangi na Milango Ishirini na Minne

Mama hakuacha kugusa bomba. Kila alipopita chini ya ngazi, hata akiwa na mzigo kichwani, aliweka kiganja juu ya bomba kubwa lililopanda ghorofani, akasikiliza kwa mkono. Likitetemeka, maji yanakimbia. Likinyamaza, watu wametulia.

Alilinda maji ya jengo lile, milango ishirini na minne, kwa miaka thelathini na mmoja. Wapangaji walimwita Mama Tangi, na sisi wanawe watatu tukaitwa Madumu.

Tangi la juu lilitosha siku nzima. Lakini ikivuma tu kwamba maji yatakatika, kila mlango ulikinga ndoo mbili za akiba, na kabla ya saa tano asubuhi tangi lilikuwa tupu. Maji yalikatika kweli, na aliyeyakata hayupo. Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alichora duara na mishale ubaoni, akatuambia kwamba mfumo mzima unaweza kuwa na tabia isiyokuwemo katika sehemu yake hata moja. Ukikagua sehemu moja moja utaziona zote nzima. Kinachotokea kinazaliwa katikati yao, katika jinsi kila moja inavyoitikia mwenzake. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi niliiona ngazi yetu.

Dawa ya Mama ilikuwa miguu na mdomo. Alipanda akigonga mlango mmoja mmoja.

"Jirani yako hajakinga hata kikombe," alimwambia fundi cherehani wa ghorofa ya tatu.

"Na huyo jirani umemwambia nini, Mama Tangi?"

"Kwamba wewe hujakinga."

"Haya, na hizi ndoo zangu nizifiche wapi?"

"Zifunike kwa hizo suruali za watu ulizozikalia tangu mwezi jana. Funga bomba, baba."

Fundi alicheka, akafunga. Jirani naye akafunga. Jioni maji yalikuwepo, na uongo wa asubuhi ulikuwa umegeuka kweli.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alikataa kuondoka kwenye chumba chake cha chini, karibu na bomba. Sisi tulikuwa tumetawanyika miji mitatu: kaka anaendesha lori, dada ni muuguzi, mimi nafundisha. Tulimpigia simu kila wiki, kila mtu kwa wakati wake, na sisi kwa sisi tulipigiana mara chache. Mwezi ule wa mwisho sote watatu tulijua hali yake ni mbaya, na hakuna aliyefika.

Fundi cherehani ndiye aliyemkuta, Alhamisi asubuhi. Mama alikuwa amelala kwa utulivu, na mbele ya kitanda kulikuwa na viti vitatu vimefutwa vumbi.

Baada ya mazishi tulivikalia viti hivyo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kwa nini hukuja?" kaka aliniuliza. "Mama aliniambia uko njiani."

"Mimi?"

"Basi mimi aliniambia ni wewe, kaka," dada akasema. "Akasema nisiombe ruhusa kazini, wewe utapitia na lori."

Nilimtafuta mwenye kosa usoni mwa kaka, nikamtafuta kwa dada, nikajitafuta mwenyewe. Kila mmoja alikuwa tayari kuja. Kila mmoja alitulizwa kwa jina la mwenzake asiyekuwa na habari. Na Mama, aliyetutaka sote watatu, alifanya alichozoea kukifanya mlangoni kwa watu: alimtuliza kila mmoja, asimsumbue mtu. Maji yasiyochotwa yalibaki tangini, yakamngoja mwenye kiu. Ziara yetu haikubaki popote.

Jumanne ile, siku mbili kabla hajakutwa, mkoba wangu ulikuwa tayari mlangoni. Nilimpigia Mama nimwambie nafika kesho yake. Alikohoa, akacheka kidogo, na sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye ngazi.

"Tulia, mwanangu. Dada yako ameshapanda basi."