Mifupa Haikatwi kwa Upanga

Baba mkwe wangu alikaa miaka miwili bila kunisemesha. Siku alipofungua kinywa, alinigombeza kwa sababu ya upanga.

Upanga wenyewe ulikuwa wa kwenye gemu.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni fundi simu. Mzee ni muuza nyama mstaafu, miaka thelathini buchani, na posa yangu aliikubali shingo upande. Kwake yeye, mwanamume anayeshinda na bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno bado hajaanza kazi.

Nilijaribu kila mbinu. Salamu za heshima, utani, hadi simu yake iliyoharibika nikaitengeneza. Akaipokea kupitia kwa mke wangu, akaijaribu kwa kumpigia jirani aliyekaa pembeni yake. Basi.

Kisha akateleza bafuni, akavunjika mguu. Kwa kuwa anaishi peke yake, mke wangu akamleta kwetu, plasta hadi gotini.

Mke wangu ni mwalimu, hurudi jioni. Mimi nilikuwa nafunga kibanda changu cha ufundi mchana ili mzee asikae peke yake. Tukawa wawili sebuleni, kimya mpaka unasikia friji ikinguruma.

Kuukwepa ule ukimya, nikawasha gemu kwenye televisheni.

Nilikuwa nimekwama kwenye lango linalolindwa na jeshi la mifupa inayotembea. Kabla ya kuingia unachagua silaha: upanga, shoka au rungu. Mimi ni mtu wa upanga. Unang'aa, na ukiuzungusha unajiona mtu kati ya watu. Rungu niliona ni la mlinzi wa getini.

Siku ya tatu, nikiwa nimekufa mara ya sita, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Wewe. Mifupa haikatwi."

Nikageuka taratibu, nisije nikamshtua akanyamaza tena.

"Upanga ni wa nyama," akasema. "Shoka ni la viungo. Mfupa mkavu unapondwa. Chukua rungu."

Nikachukua rungu. Dakika mbili tu, lango likafunguka. Mzee akajifanya anaangalia dirishani, lakini vidole vilivyochungulia kwenye plasta vilikuwa vinacheza.

Kesho yake nikamwuliza kabla sijaanza. Nikamwambia, baba, hawa wa leo wana ngao za mbao. Akataka kujua mbao mbichi au kavu. Nikasema gemu halielezi. Akawasikitikia waliolitengeneza, akaamua shoka. Tukashinda.

Likaja jitu lililovaa chuma mwili mzima. Yeye akasema rungu, mimi nikang'ang'ania upanga wangu. Nikafa vibaya. Hakucheka. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, kama kichwani nina ubongo au uji.

Juma la pili padi ya kuchezea ikawa mkononi mwake. Nikifa mimi, sina akili. Akifa yeye, padi mbovu. Mbwamwitu walimrarua mara nne kwa sababu sasa alitaka rungu kwa kila kitu, na nilipomkumbusha kwamba nyama ni ya upanga, akasema hao mbwamwitu hawakuwa wa kawaida.

Miezi miwili ikakatika hivyo, tukabakiza daraja la mwisho la gemu.

Jioni moja mke wangu akaikuta kadi ya hospitali chini ya mto wa mzee. Plasta ilitakiwa kutolewa siku tisa zilizopita. Mzee alikuwa amepiga simu mwenyewe kuahirisha. Mara mbili.

Mke wangu akaiweka kadi mezani. Mzee akaitazama kama barua ya mtu mwingine.

"Mwanangu alikuwa hajavuka daraja la mwisho," akasema. "Peke yake asingeweza."

Mke wangu akauliza daraja gani, yeye hana daraja lolote.

Mimi nilikuwa nimeinama nachomeka padi kwenye chaji. Nikachelewa kuelewa kwamba mwanangu ni mimi.

Plasta ilitolewa kesho yake. Siku hizi anakuja kila Jumamosi mchana, kwa miguu yake mwenyewe.

Ndugu unayesoma, kama una mtu mgumu nyumbani, acha kumwonyesha unachojua wewe. Mwulize anachojua yeye. Halafu ufuate, hata kama rungu halipendezi mkononi.