Binti Niliyemsingizia Mimba

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati moja ya Handeni, nilimzuia mzee mmoja mlangoni asikanyage deki yangu. Kumbe ndiye Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na koti la mhudumu lilinipwaya kama foronya ya godoro iliyovishwa mto.

Miaka ikapita nikichemsha vyombo na kupima uzito, mpaka nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Korogwe. Hapo akaja binti wa miaka kumi na tano, kutoka Makuyuni, na bibi yake. Tumbo la chini limevimba. Nami, daktari wa deki, nikaropoka mbele ya foleni: "Huyo ana mimba!"

Kipimo cha mkojo kikakataa. Mganga Mfawidhi wa hapo akaandika dawa ya maumivu, waende. Lakini maneno yangu yalishatangulia Makuyuni. Kesho yake bibi akarudi naye: baba amemfukuza mpaka amtaje mwanaume.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakaa nao.

"Shikamoo bibi. Mwari huyu mmeshamcheza unyago?"

"Tumcheze vipi, mwanangu? Hajavunja ungo. Wenzake wote tumeshawatoa ndani. Yeye kila mwezi tumbo tu. Dawa ya chango nimemchemshia mpaka mizizi imeisha porini."

Nikaingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Mzee, anaumwa kila mwezi kama aliye hedhini, ila damu haijatoka hata siku moja. Inakwenda wapi?"

"Umesomea wapi wewe?"

"Kwenye deki, mzee. Inakwenda wapi?"

Akavuta karatasi ya rufaa. Hospitali wakampiga picha ya tumbo: njia ya uzazi imeziba tangu kuzaliwa, damu ya miezi imejaa ndani. Wakamfanyia upasuaji mdogo, maumivu yakaisha.

Aliporuhusiwa nikawasindikiza hadi kwao. Baba akasimama mlangoni.

"Si wewe uliyesema mimba?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kula matapishi yangu. Mwanao hana kosa, kazaliwa hivyo. Waite na majirani, nirudie kwa sauti ileile."

Akawaita kweli. Nikarudia. Ndipo akapisha mlangoni, akamwambia bintiye, "Pita ndani, mama."

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Ninyi mlioshika kazi, binti akilia tumbo kila mwezi, muulizeni kama ameshaona siku zake, na muulizeni faraghani. Nami nikisikia mtu anaropoka "ana mimba huyo," nitainuka na magoti haya haya, nimfuate nikamnyamazishe.