Moshi wa Vibuyu

Nilipokuwa mtoto, nje kidogo ya mji wa Kajiado, jambo la mwisho la kawaida kabla ya aibu ile lilikuwa mama kunipa kikombe cha maziwa na kuniambia nifute mdomo kabla ya kwenda shule. Niliporudi jioni, alikuwa amekatazwa kukamua ng'ombe.

Aliyemkataza alikuwa bibi, mama wa baba, tuliyemwita Kokoo. Mama alikuwa na mwasho sehemu za siri, na Kokoo aliamini kwamba mwanamke mwenye mwasho huo akimgusa ng'ombe, maziwa hukauka na ndama hufa. Dawa aliijua. Vibuyu vyetu vya maziwa vilisafishwa kwa kaa la oloirien, mzeituni wa porini; basi kilichosafisha kibuyu kingemsafisha na mtu. Mama alichuchumaa juu ya makaa, amefunikwa shuka, moshi umpande.

"Vumilia, Mama Lemayian," nilimsikia Kokoo akisema kwa upole, akimwita kwa jina langu. "Kibuyu hakilii."

"Mimi si kibuyu, Kokoo," mama akajibu huku akikohoa.

Baada ya siku chache alikuwa hawezi hata kuketi. Baba akampeleka zahanati, nami nikafuatana nao. Nilibaki nje, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Hii ni fangasi tu, mama," muuguzi alisema. "Ulikunywa dawa gani juzi?"

"Za kifua."

"Hizo zinaweza kuiamsha. Si laana, na si umalaya. Na kinachokuzuia kuketi ni moshi uliokuchoma. Sasa tembe hizi humezi. Unaziingiza ukeni ukienda kulala."

Nilitamani dirisha lile lijifunge lenyewe.

Nyumbani, Kokoo hakubadili neno: mama asikamue mpaka apone. Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake, na Kokoo mwenyewe vidole vilikuwa vimekakamaa. Ndama walilia. Baba akachukua kibuyu, akachuchumaa chini ya ng'ombe mchana kweupe.

"Njooni muone!" jirani mmoja aliwaita wenzake. "Ng'ombe wa hapa wameletewa mke mwenye ndevu!"

"Mlete mume wako nimfundishe," baba akamjibu bila kuacha kukamua.

Walicheka wote isipokuwa mimi. Shuleni waliniita mtoto wa mama wawili. Mama alipona, akarudi kwa ng'ombe wake, na hakuna ndama aliyekufa. Kokoo alisema ni moshi uliomponya. Hakuna aliyembishia.

Nilisoma, nikapata digrii, nikajenga Kitengela, nikaoa, na neno lile la muuguzi nililolisikia dirishani sikuwahi kulitamka. Mwaka jana mke wangu aliugua saratani. Matibabu yalimmalizia nguvu mwilini, na fangasi ikampata. Sikujua. Nilikuwa mlangoni na chai yake nilipomsikia akiongea na dada yake kwa simu.

"Inaniwasha hadi silali. Lakini usimwambie baba watoto. Ataona aibu."

Hakusema nitakasirika, wala nitamdharau. Alisema nitaona aibu, na alikuwa ananijua vizuri. Nilisimama na kikombe mkononi, nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa nimemwonea aibu baba yangu kwa jambo jema kuliko yote niliyopata kumwona akifanya.

Asubuhi iliyofuata niliwapigia simu madaktari wake, wakaniambia dawa inayomfaa. Katika duka la dawa kulikuwa na watu mbele yangu na nyuma yangu. Zamu yangu ilipofika, kijana wa kaunta aliniuliza, "Nikusaidie na nini, mzee?"

"Dawa ya fangasi ya ukeni," nikasema. "Ni ya mke wangu."

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Hata sasa, nikiandika haya, unaniwaka.

Nilirudi nyumbani, nikanawa mikono kwa sabuni, nikaweka dawa kitandani kando yake.

"Nikusaidie?" nikamuuliza.

Alinitazama. Kisha akasogea kidogo, akanipa nafasi.