Chai Inayopitia Dirishani

Saa moja na robo asubuhi, kikombe cha chai kinatoka dirishani. Nje, mzee mwenye kofia ya sufi anakipokea kwa mikono miwili, anapuliza, kisha anaketi kwenye benchi la matofali lililojengwa chini ya dirisha hilo.

"Sukari imetosha, baba?" sauti ya kike inauliza kutoka ndani.

"Imetosha, ila imekaa chini. Nipe kijiko."

Kijiko nacho kinapitia dirishani. Mlango uko wazi, hatua tatu tu kutoka hapo, lakini mzee hajawahi kuuvuka. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akinywa chai nje ya nyumba ya bintiye, na mvua ikinyesha anafungua mwavuli.

Majirani humwita binti huyo Mama Gauni. Ni fundi cherehani wa miaka arobaini na miwili, na chumba chake cha mbele ndicho karakana: mashine moja ya kukanyaga, meza yenye chaki na mkasi, viti vichache. Ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni, linaning'inia gauni jeupe la harusi. Hilo ndilo lililonileta hapa na daftari langu la uandishi.

Gauni hilo limevaliwa na mabibi harusi sitini na watatu, na hakuna aliyelipa hata senti. Masharti ni mawili: lirudi limefuliwa, na aliyelivaa ashone kifungo kimoja upande wa ndani wa pindo. Nimevihesabu mwenyewe. Viko vya shati, vya koti, na kimoja cha sare ya shule. Mgongoni halina zipu, lina kamba za kukaza na kulegeza, kwa hiyo mwembamba anaingia na mjamzito anaingia.

"Mmoja alishikwa na uchungu akiwa nalo mwilini," anasimulia huku akicheka. "Nikamwambia, mwanangu, kaza moyo, kamba niachie mimi."

Kukodi gauni dukani kunameza mshahara wa miezi miwili wa kijana anayebeba mizigo sokoni. Hapo bado ukumbi, bado chakula. Basi vijana wengi huhamia pamoja kimyakimya, wazee wakanuna, na mambo yakaharibika. Mwenyekiti wa mtaa, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza, anasema nusu ya kesi zilizokuwa zikiletwa kwake zilianzia hapo.

"Kijana asiyetambulika ukweni anaishi kama mpangaji," anasema. "Wakizozana kidogo, kabeba begi. Nani atamwita? Hana mkwe, hana shemeji, hana wa kumwambia kaa chini tuongee. Hawa waliovaa lile gauni wakigombana nawarudisha kwa wazee wao, yanaisha. Siku hizi napata hata usingizi wa mchana!"

Lakini mganga hajigangi. Mama Gauni mwenyewe hajafunga ndoa.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipohamia kwa mwashi mmoja anayeitwa Taratibu, kwa kuwa hulaza tofali kama anayelaza mtoto mchanga. Kwenye ukoo wao, baba haingii nyumbani kwa bintiye mpaka ndoa ifungwe. Baba zake wadogo na wakubwa walidai sherehe ya watu mia mbili. Taratibu wakati huo alikuwa na mwiko wa kujengea na ndoo tu. Mzee akakata kauli mbele ya ndugu zake kwamba hatakanyaga humo ndani.

"Nilisema mbele ya kaka zangu," mzee ananieleza. "Maneno yale nikiyameza yatanikwama kooni. Lakini sikusema sitakunywa chai."

Wiki ya pili, bila kuambiwa na mtu, Taratibu alimjengea benchi. Mzee alilipiga teke kulijaribu, halikutikisika. "Siku ile nikajua binti yangu yuko na mtu," anasema. Hata hivyo, neno lilikuwa limeshatoka.

Gauni alilishona Mama Gauni kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, kwa kitambaa cha mapazia ambayo mteja aliyakataa eti ni meupe mno. Siku mbili kabla ya ndoa hiyo, jirani aliyekuwa naye anaolewa alikuja akilia: mama mkwe hataki bibi harusi asiye na gauni. Akampa. Ndoa yake ikasogezwa mbele kidogo. Tangu hapo amepanga tarehe mara tatu, na mara zote tatu amemvisha mwingine.

"Nikimvisha mtu nafurahi mpaka machozi," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Halafu nafungua dirisha, namwona baba na kikombe chake. Ana miaka themanini. Nataka anywe chai mezani kwangu akiwa hai."

Safari hii ni Jumamosi. Hakuna ukumbi. Ni chai na mkate hapa uani, na kila mgeni aje na kiti chake. Kaka wa mzee aliyebaki hai amekubali, ila ameuliza kama anaruhusiwa kuja na mto.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, anaingia msichana muuza mboga, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mchumba wangu kapata kazi mbali, anaondoka Jumapili. Kwao wamekubali tufunge ndoa kabla hajaondoka. Naomba gauni, mama. Jumamosi."

Mashine inasimama. Nje, mzee anaacha kupuliza chai. Taratibu, aliyekuwa anaosha mwiko uani, anatokea mlangoni nao mkononi. Nakiri kwamba mimi nilitamani kumfukuza yule msichana.

Mama Gauni anatazama gauni, kisha dirisha.

"Yenu saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Yangu saa tisa alasiri. Saa saba liwe hapa. Ukilimwagia soda, nakuja kukuvua mbele ya mkweo."

Msichana anacheka na kulia kwa pamoja. "Na kulifua je? Na kifungo?"

"Kufua nimekusamehe. Kifungo shona cha sitini na nne. Cha sitini na tano ninacho." Anatoa mfukoni kifungo cha kahawia, kilichong'olewa kwenye shati la kazi la Taratibu. Mwashi anainamisha kichwa, anajifanya bado anaosha mwiko.

Natoka nje kumuaga mzee. Namuuliza kama ameshaandaa kiti cha kuja nacho Jumamosi.

"Mimi? Siji na kiti." Anageuka, anasogeza uso dirishani na kunionyesha kiti cha mbao cha rangi ya bluu kando ya meza. "Changu ni kile pale. Nimekitazama miaka kumi na tisa. Nikikuta mtu amekikalia, tutakosana."