Ng'ombe wa Wafadhili Wengi

Arlys Knutson alichunga ng'ombe wa chuo kikuu cha umma kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, na uongo ulimkaa vizuri kuliko gauni. Lakini hakuuanza yeye. Jimbo lilikuwa likipunguza ruzuku kila bajeti, na wakubwa wa chuo wakawauzia wafadhili haki ya kubandika majina kwenye kila kitu: kumbi, viti, mpaka choo cha maktaba. Zamu ya zizi ilipofika, wakatangaza kwamba atakayechangia kila mwaka atampa ng'ombe mmoja jina alitakalo. Michango ikikoma, zizi linafungwa.

Wafadhili wakaja. Kisha wakubwa walewale, kwa kubana matumizi, wakapiga mnada nusu ya ng'ombe kimyakimya. Majina yakabaki, wenye majina wakaenda. Arlys alitukana mpaka akakauka koo, halafu akatumia akili. Alikuwa na Dottie, ng'ombe mpole, mrembo, asiyejua kupiga teke. Akija mfadhili, Arlys alitundika juu ya Dottie kibao chenye jina alilochagua mfadhili huyo, akampiga ng'ombe brashi, na mambo yakaenda.

Jumamosi ya wahitimu wa zamani kurudi chuoni, Bi Bernadine Zastrow, mjane, alikuwa amemkumbatia Dottie shingoni akimwita Norbert, jina la marehemu mumewe. Mara akaingia Wendell Pfefferkorn, muuza jibini, mapema kuliko miadi yake.

"Gretchen wangu huyo!"

"Gretchen gani, baba? Huyu ni Norbert."

"Jike lenye chuchu zote hizo liitwe Norbert? Acha utani, mama. Tazama picha yangu, baka la ubavuni ni hilohilo."

Bi Bernadine naye akatoa picha yake. Baka lilikuwa moja. Wote wawili wakamgeukia Arlys.

"We Arlys," mjane akasema polepole, "mume wangu yuko wapi?"

"Aliuzwa, mama. Gretchen pia. Wakubwa walisema hawana hela ya malisho."

"Na sisi tunalipia nini?"

"Dottie. Nyinyi na wenzenu tisa."

Wendell alicheka hadi akashika nguzo. "Nimeuza jibini maisha yangu yote, sijawahi kuuza kipande kimoja mara kumi na moja!"

Bi Bernadine hakucheka. Alipenga kamasi, akampapasa Dottie sikio. "Norbert angefurahi. Alikuwa tapeli vilevile. Mimi nitaendelea kulipa."

Ingeishia hapo, lakini Wendell hana breki mdomoni. Jioni hiyohiyo, kwenye karamu ya wahitimu, akaisimulia habari yote mezani kwa mkuu wa chuo. Jumatatu Arlys akaitwa, akavaa shati safi, tayari kufukuzwa.

"Ng'ombe mmoja, wafadhili kumi na mmoja," mkuu alisema, macho yakimng'aa. "Ofisi yangu nzima ya wafadhili haina kichwa kama chako. Kuanzia leo unahamia huko."

"Na ng'ombe wangu?"

"Watapata mtu mwingine. Ukikataa, dada, sina sababu ya kuendelea na zizi."

Akakubali. Angefanyaje? Akapewa kiti cha kuzunguka na dirisha lisilofunguka, na Dottie akakamuliwa na mikono ya mgeni. Asubuhi ya kwanza Arlys alilia mbele ya watu wote bila haya. Alipomaliza akajifuta uso, akainua simu.

"Halo, bwana? Naitwa Arlys, nakupigia kutoka chuoni. Tunaye ng'ombe mmoja mzuri ajabu, na bahati yako, bado hana jina."